Kizuri Hakijiuzi: Kuitetea Harlem River Drive

Hukumu juu ya albamu ya Harlem River Drive ilitolewa zamani, na wapenzi wengi wa salsa wanarithishana hukumu hiyo bila kuikagua. Inasema hivi: mwaka 1971 Eddie Palmieri, mpiga piano aliyekuwa miongoni mwa vinara wa muziki wa Kilatini wa New York, aliiacha njia yake kwa muda, akakusanya wapigaji wa soul, akarekodi fanki kwa Kiingereza, santuri ikadoda madukani, naye akarudi kwenye salsa na kuvuna heshima zake. Mchepuko, basi. Jaribio la kusameheka kwa sababu lilifanywa na mtu mkubwa. Ukibisha, unatupiwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nabisha. Palmieri alifariki tarehe 6 Agosti 2025 akiwa na umri wa miaka 88, na simulizi ya maisha yake sasa inapangwa na kukazwa na wengine. Ikikazwa jinsi ilivyo, moja ya kazi mbili kubwa alizotoa mwaka ule itabaki kuwa tanbihi. Hilo ni kosa la kihistoria na ni kosa la masikio, na linaweza kurekebishwa kwa hoja.

Tuanze na soko, kwa kuwa ndilo linaloitwa shahidi mkuu. New York ya mwaka 1971 haikuwa na soko moja la muziki. Aliyetaka soul alifungua WWRL, kituo cha Wamarekani weusi. Aliyetaka muziki wa Kihispania alifungua WADO. Madukani santuri za soul zilikaa rafu yake na za Kilatini zikakaa yake. Makampuni nayo yaligawanya lebo zao hivyo hivyo. Palmieri alikuwa chini ya Morris Levy, mfanyabiashara aliyemiliki Roulette kwa muziki wa pop na jazi, na Tico kwa muziki wa Kilatini. Wapenzi wa Palmieri walizoea kuitafuta lebo ya Tico. Albamu yake ya Vámonos pa'l Monte, ya mwaka huo huo wa 1971, ilitoka Tico, kwa jina lake. Harlem River Drive ilitoka Roulette, kwa jina la bendi. Mwenye mali alikuwa mmoja, msanii mmoja, mwaka mmoja, na bado mnunuzi wa kawaida angeweza kuipita ya pili bila kujua kuwa ni ya mtu yule yule.

Halafu urefu. Albamu ina nyimbo tano tu. "Idle Hands" inapita dakika 8 na "Broken Home" inapita dakika 10, wakati redio za masafa ya kati ziliishi kwa nyimbo za dakika tatu. Mtangazaji wa soul akiishika anasikia tumba na timbale, anaona hii ni ya wale wa Kihispania. Mtangazaji wa Kihispania akiishika anasikia Kiingereza, anaona hii ni ya wale weusi. Kila mmoja anairudisha kwa mwenzake. Na Levy hakuwa mtu wa kuijengea santuri ngumu njia kwa subira. Jina lake limebaki katika historia ya biashara ya muziki kwa jinsi alivyowabana wasanii kwenye hakimiliki na malipo, na mwaka 1988 mahakama ya Marekani ilimtia hatiani kwa kula njama ya kupora fedha kwa vitisho.

Sasa anayesema soko liliamua aniambie: liliamua nini? Watu waliosikia wakakataa ni jambo moja. Watu wasiofikishiwa ni jambo lingine kabisa. Methali ya kizuri chajiuza ilitungwa sokoni, mahali ambapo muuzaji na mnunuzi wanaonana uso kwa uso na bidhaa iko mezani. Santuri haina meza. Ina redio, ina duka, ina msambazaji, na kila mmoja wa hao ana mlango anaoweza kuufunga. Harlem River Drive ilifungiwa milango miwili kwa sababu mbili zinazopingana, na hakuna hata moja iliyohusu ubora wake.

Hoja ya pili ya wapinzani ni nzito zaidi, nami naiheshimu zaidi. Wanasema muziki wa Kilatini na fanki haviwezi kukaa pamoja kimwili, kwamba mdundo mmoja unaumeza mwingine. Wana msingi. Klave, kipigo kinachoongoza muziki wa Kuba na salsa, ni mapigo matano yaliyogawanywa katika vipimo viwili, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili, na kila chombo lazima kijue kiko upande gani. Besi ya Kilatini hupenda kuliruka pigo la kwanza. Inatua kabla yake, inaliacha wazi, na mchezaji anahisi anavutwa kwenda mbele. Fanki ya James Brown hufanya kinyume, maana vyombo vyote vinarudi kutua kwa kishindo kwenye pigo la kwanza lile lile. Ukivichanganya kwa pupa unapata vurugu, au unapata kitu kilicho laini na hakina mwelekeo. Zipo santuri nyingi za miaka ile zilizofanya hivyo hasa, zikachukua wimbo wa soul uliokwisha kamilika na kuupigia tumba juu yake kama nakshi.

Sikiliza "Idle Hands" ukiwa na jambo hilo akilini. Chini, gita, besi na dramu zinashika fanki bila kuomba radhi. Juu yake tumba na timbale zinaendelea na mazungumzo yao, hazijapunguzwa kasi wala kunyamazishwa. Kati ya tabaka hizo mbili inaingia brasi, na hapo ndipo akili ya Palmieri inapoonekana, kwa sababu brasi haiimbi mistari mirefu ya soul. Inapiga vifungu vifupi, inavirudia, inaongeza kingine juu yake, kama bendi ya salsa inavyofanya wakati ukumbi umeshapamba moto. Saksafoni baritoni ya Ronnie Cuber inakwaruza chini kabisa na kuifanya brasi yote iwe na kifua. Kwa hiyo mvutano kati ya pigo la kwanza lililokaziwa na pigo la kwanza lililorukwa haukufichwa. Ndio mwendo wenyewe wa wimbo. Unamsukuma msikilizaji huku na huko kwa zaidi ya dakika nane, na hauchoshi, kwa sababu hakuna upande uliokubali kushindwa.

Piano ya Palmieri nayo inasaidia kueleza kwa nini iliwezekana. Akiwa na miaka 13 alipiga timbale katika bendi ya mjomba wake kabla ya kurudi kwenye piano, na maisha yake yote vidole vyake vilibaki vya mpiga ngoma. Mtu wa namna hiyo hapati shida kuongea na dramu za fanki. Anaijua kazi yao.

Na nani alikuwa kwenye dramu? Bernard Purdie. Kwenye gita? Cornell Dupree. Hawa wawili, mwezi Machi mwaka huo huo wa 1971, walikuwa nyuma ya Aretha Franklin katika maonyesho yake ya Fillmore West mjini San Francisco, yaliyozaa mojawapo ya albamu za jukwaani zinazosifiwa zaidi katika soul. Mwimbaji mkuu alikuwa Jimmy Norman, mtu wa soul na midundo ya mtaani kwa miaka mingi. Upande wa pili alikuwepo Charlie Palmieri, kaka mkubwa wa Eddie na fundi wa kinanda kwa haki yake mwenyewe, akiwa kwenye ogani, na Barry Rogers, mpiga tromboni aliyeijenga pamoja na Eddie sauti ya bendi yake ya La Perfecta tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wanaosema Palmieri alikwenda kuazima muziki wa watu wengine hawajaisoma orodha hii. Wenye muziki wao walikuwa chumbani, wakipiga wenyewe, kwa kiwango chao cha juu. Hakuna aliyekuwa mgeni wa mwingine.

Hapo wanakuja na methali ya pili, ile ya mwacha asili. Asili ipi? Palmieri alizaliwa tarehe 15 Desemba 1936 katika Harlem Mashariki, mtaa ambao watu wake wanauita El Barrio, kwa wazazi waliotoka Ponce, Puerto Rico, akakulia Bronx Kusini. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kihispania na ya barabarani ilikuwa Kiingereza cha vijana weusi na wa Puerto Rico waliosoma shule moja. Wanaomtaka arudi kwenye asili yake wanamtaka arudi mahali ambapo hakuwahi kuishi.

Hata mambo ya New York, mtindo wanaoushika kama kipimo cha usafi, ulizaliwa kwa mchanganyiko, na ulizaliwa hapo hapo. Orkestra ya Machito iliundwa New York mwaka 1940. Mwelekezi wake wa muziki, Mario Bauzá wa Kuba, alikuwa amepiga tarumbeta katika bendi za jazi za Chick Webb na Cab Calloway. Aliyoyajifunza huko ndiyo aliyoyaingiza katika midundo ya Kuba. Mwaka 1947 Dizzy Gillespie na mpiga tumba Chano Pozo walirekodi "Manteca", na hakuna mpenzi wa salsa ninayemjua anayeiita mchepuko. Jazi ya Harlem ikichanganywa na tumba mwaka 1947 ni urithi. Soul ya Harlem ikichanganywa na tumba mwaka 1971 ni uasi. Tofauti ni miaka 24, na miaka si hoja.

Wapinzani wana karata moja nzuri hapa, na ni haki kuitaja. Palmieri mwenyewe hakuupenda bugalu, ule mtindo wa katikati ya miaka ya 1960 uliochanganya Kilatini na soul kwa nyimbo nyepesi za vijana, kama "Bang Bang" ya Joe Cuba ya mwaka 1966. Aliupiga, kama wengi walivyolazimika, na albamu yake Champagne ya mwaka 1968 ina nyimbo za aina hiyo, lakini hakuficha kuwa aliudharau. Basi, wanasema, mwenyewe alikiri kwamba mchanganyiko ni takataka. Hapana. Alichokataa ni wepesi. Miaka mitatu baada ya Champagne alitengeneza Harlem River Drive, tena si kwa shinikizo la vijana wa ukumbini, kwa sababu mwaka 1971 bugalu ulikuwa umekwisha kutangazwa maiti. Mtu anayekimbilia fasheni haendi kwenye fasheni iliyokufa.

Mimi kwa upande wangu nauonea huruma bugalu kuliko Palmieri alivyouonea. Mwaka 2018 Cardi B alichukua "I Like It Like That", wimbo wa bugalu wa Pete Rodríguez, akajenga juu yake wimbo uliofika namba moja katika chati ya Billboard ya Marekani, nusu karne baada ya wazee wa mambo kuusemea mtindo huo kwamba ni upuuzi wa watoto. Joe Bataan, mtoto wa baba Mfilipino na mama Mmarekani mweusi, aliyekulia El Barrio, alitoa albamu ya Riot! mwaka 1968, na ukiisikiliza leo huwezi kusema iliimbwa na mtu aliyepotea njia. Lakini hilo linahitaji makala yake.

Wasomaji wa Kiswahili tunayafahamu malumbano haya kwa karibu. Mwezi Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani ulipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, kwa hoja ile ile ya kulinda utamaduni, wakati bendi za rumba zilizojengwa juu ya santuri za Kuba ziliachwa ziendelee kama za nyumbani. Chakula cha mgeni wa jana kilikuwa kimeshakuwa chetu. Cha mgeni wa leo kilikuwa sumu. Miaka mitano baadaye, Septemba 1974, Kinshasa iliwaweka James Brown na Fania All Stars katika tamasha moja la siku tatu, Ray Barretto na Celia Cruz wakiwemo, pamoja na Franco na Tabu Ley. Watu waliojaa uwanja ule walikuja kusikiliza muziki wote huo, na hakuna aliyewauliza ni wa rafu ipi. Wasikilizaji wa muziki wa pande mbili walikuwepo duniani. Walikosa muuzaji.

Nirudi New York, kwenye jambo ambalo wakosoaji wa usafi hawaligusi kabisa: albamu hii inahusu nini. Harlem River Drive ni barabara halisi. Inapita ukingoni mwa mto mashariki ya Manhattan, na dereva anayeifuata anaweza kuizunguka Harlem yote kuelekea madarajani bila kuingia mtaa hata mmoja. Palmieri aliipa bendi yake jina la barabara iliyojengwa kwa watu wanaopita, kisha akaimbia wanaobaki. Mada za nyimbo ziko wazi katika majina yake: mikono isiyo na kazi, nyumba iliyovunjika, amani isiyopatikana wakati vijana wa mitaa hiyo wanapelekwa Vietnam. "Broken Home" inakwenda taratibu, kwa huzuni nzito, na Norman anaiimba bila haraka na bila kupamba. Dakika zake kumi hazikurefushwa kwa kujionyesha. Wimbo mfupi ungeyafanya maumivu hayo yaonekane kama yana suluhisho jepesi.

Kiingereza chake kina sababu hiyo hiyo. Mwaka 1969 vijana wa Young Lords, kundi la wanaharakati wa Kipuerto Rico, walizibeba takataka ambazo jiji lilikataa kuzizoa El Barrio, wakazipanga katikati ya barabara na kuziba njia. Mwezi Julai 1970 waliikalia hospitali ya Lincoln, Bronx Kusini. Miongoni mwa waliokuwa katika mapambano hayo walikuwemo Wapuerto Rico na Wamarekani weusi, na walipozungumza pamoja walizungumza lugha waliyoielewa wote. Palmieri aliyekwisha kuimba juu ya haki kwa Kihispania katika Justicia ya mwaka 1969 alitaka sasa jirani yake naye asikie. Kumlaumu kwa hilo ni kumlaumu kwa kuwa na jirani.

Aliendelea, vilevile. Mwaka 1972 aliichukua bendi ya Harlem River Drive pamoja na orkestra yake hadi gereza la Sing Sing, kaskazini mwa jiji, miezi michache baada ya maasi ya gereza la Attica yaliyoua watu 43. Santuri ya onyesho lile ilitolewa na Tico, na sauti za wafungwa zimo. Felipe Luciano, aliyekuwa kiongozi wa Young Lords wa New York, anasoma humo shairi lake juu ya undugu wa Mpuerto Rico wa shamba na mtu mweusi, na unasikia jinsi ukumbi unavyompokea. Huo ndio ulikuwa ukumbi wa albamu hii. Duka la santuri la katikati ya jiji halikuujua.

Na ule mchepuko uliishia wapi? Haukuishia popote. Weka "Vámonos pa'l Monte", wimbo ambao mwanasalsa msafi kuliko wote hawezi kukaa kitini ukipigwa. Ogani inayoumwagilia moto ni ya Charlie, ile ile ya Harlem River Drive. Saksafoni ni ya Cuber yule yule. Ingia kwenye The Sun of Latin Music ya mwaka 1974, iliyompa Palmieri tuzo ya kwanza kabisa ya Grammy kwa rekodi ya Kilatini mwaka 1976, usikilize utangulizi mrefu wa "Un Día Bonito". Uthubutu wa kuacha wimbo upite dakika kumi, wa kumfanya msikilizaji asubiri, wa kuingiza sauti ambazo ukumbi wa dansi haukuzitarajia, alikuwa ameshaujaribu mwaka 1971. Huwezi kuisifu nyumba na kuukana msingi wake.

Kuna kundi jingine ambalo kwa juu juu liko upande wangu, nalo silikubali pia. Ni wakusanyaji na ma-DJ, hasa wa London tangu miaka ya 1980, walioichimbua albamu hii na kuipandisha bei. Nawashukuru kwa kuipiga. Lakini wengi wao wanaisifu kwa sababu ni adimu, wanakata sekunde chache za ngoma na kuacha mengine, na wanaiuza kwa jina la hazina iliyopotea. Hicho ni kilemba cha ukoka. Albamu iliyotengenezwa kwa ajili ya mitaa maskini ya watu wengi haipati haki yake kwa kuwa kitu cha thamani mikononi mwa wachache. Na neno kupotea linawasafisha walioifungia milango, kana kwamba iliteleza yenyewe ikaanguka.

Rafu hazijaondoka, ndiyo maana hoja hii si ya makumbusho. Mwaka 2011 wasimamizi wa Grammy walipunguza makundi ya tuzo kutoka 109 hadi 78, na jazi ya Kilatini ikawa miongoni mwa zilizofutwa. Wanamuziki wa New York walipambana, Palmieri akiwa miongoni mwa waliopinga, na mwaka 2012 kundi hilo likarudishwa. Mwaka 2011, kama 1971, wachache mezani waliamua nini kinastahili kuwa na mahali, na kisicho na mahali kikaonekana hakina thamani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiipata Harlem River Drive, isikilize mfululizo kuanzia upande wa kwanza hadi mwisho wa "Seeds of Life", kisha weka Vámonos pa'l Monte papo hapo bila kupumzika. Nanyi mnaoandika historia ya salsa, na mnaoitangaza redioni kwetu, acheni kuiita ya kwanza jaribio. Mwaka 1971 Eddie Palmieri alitoa albamu mbili kubwa. Ziandikwe zote mbili, ukurasa mmoja, kwa herufi za ukubwa mmoja.